Ghaini ya Nukta Tatu

Nilipewa jina la babu yangu mzaa baba yeye mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo nyumbani kwetu, upande wa Ruangwa unaopakana na Nachingwea, kulikuwa na watu wawili wa jina moja. Sitaliandika hapa. Niseme tu kwamba katikati yake ipo sauti ile ya kwenye neno ng'ombe, inayopita puani, na sauti hiyo ndiyo iliyotusumbua.

Shuleni waliiandika bila kile kialama cha juu. Ukisoma cheti changu cha darasa la saba kama kilivyoandikwa, unamwita mtu mwingine. Babu hakuwa na shida hiyo. Alikuwa mwalimu wa chuo, akiwafundisha Kurani watoto wa kijiji barazani kwake, na mambo yake yote mengine, ya Kiswahili na ya Kimwera, aliyaandika kwa herufi zilezile za Kiarabu. Kiarabu hakina sauti yetu ile. Babu alichukua herufi iitwayo ghaini, ambayo ina nukta moja juu, akaipa nukta tatu. Alisema ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake.

"Moja ya Waarabu," aliniambia, "hizi mbili za kwetu."

Mimi naandika polepole. Hata haya niliyoyaandika hapa yamenichukua muda. Shuleni nilikuwa nachekwa, mwalimu anafuta ubao mimi bado niko mstari wa pili. Kwa babu hakuna aliyenihimiza. Nilikaa na kibao changu cha mti na wino wa masizi, nikaandika jina letu mpaka likanyooka, kisha nikakiosha kibao kwenye ndoo na maji yake nikayamwaga shinani mwa mpapai, mahali ambapo hakuna mtu atakayepakanyaga. Jina la mtu halimwagwi njiani.

Babu aliandika kila mahali. Magunia ya ufuta aliyaandika kwa mkaa yasichanganyike na ya wengine. Mipini ya majembe aliiandika kwa ncha ya msumari wa moto. Kinu, kigoda, mlango wa mbele, vyote vilikuwa na jina lake. Alipokufa, mwishoni mwa miaka ya tisini, maandishi hayo yalibaki. Nilikuwa nikishika jembe asubuhi kwenda kupalilia mikorosho nasikia mikwaruzo ya jina chini ya kiganja. Lilikuwa jina langu pia, lakini sikuliandika mimi. Siku nyingine nilihisi kama mpini tayari umeshikwa na mkono mwingine, nami nimeuwekea wangu juu.

Bibi hakusoma shule. Kwao ni Wamakua waliovuka Ruvuma yeye akiwa msichana mdogo, na Kiswahili alikiokota sokoni. Mtoto kwake alikuwa ntoto, na mkono nkono. Herufi alifundishwa na babu baada ya kuolewa, kwa hiyo alijua zile tu. Ukimwekea gazeti mbele alikuwa analigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta upande wa kushikia.

Na hakulitamka jina la mumewe hata mara moja. Wanawake wa rika lake hawatamki. Alimwita Mwalimu. Mimi niliyerithi jina aliniita mume wangu, kama bibi zetu wanavyotutania.

"Mume wangu mwenyewe huyu hata kuni hajui kupasua," alikuwa akiwaambia jirani zake. "Ningejua ningekaa na yule nzee."

Mchwa walianza na mlango. Walikula kutoka chini kwenda juu, na masika moja tuliona jina limebaki nusu. Kinu kilipasuka. Magunia yalichakaa. Bibi alikuwa anapitisha mkono mahali maandishi yalipokuwepo, bila kusema kitu, kisha anaendelea na kazi yake.

Lililomkosesha raha kweli lilikuwa kaburi. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Siku ile yeye alibaki ndani, na wanaume waliporudi walimwambia babu amelazwa karibu na mti wa mninga. Lakini karibu na mninga ule kuna makaburi mengi, na vile vijiti tulivyochomeka kichwani na miguuni viliungua moto ulipopita makaburini wakati wa kiangazi. Mvua zikasawazisha vifusi. Mimi nilijua ni lipi, na wazee wa msikiti walijua. Bibi alitusikiliza sote kwa heshima na hakuridhika.

"Maneno ya wanaume ni maneno," aliniambia siku moja tukitoka huko. "Nikikaa pale kunsomea Yasini, naona kama nabisha hodi nyumba ya jirani. Nasoma, nasoma, hakuna anayenisikia. Naye huko aliko anasema, mke wangu kanisahau."

"Ni pale pale, bibi."

"Nataka nione jina. Nikiliona jina nitajua ni yeye."

Jicho lake moja lilikuwa limeshafunikwa na ukungu mweupe, na la pili lilikuwa limeanza. Alikuwa akiinua uso na kugeuza shingo kama kuku ili akuone. Kwa hiyo sote tulijua kwamba jambo lile lina mwisho wake. Jina lisipowekwa kaburini mapema, hatalisoma tena.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alipokuja Idd aliambiwa. Hakubisha. Msimu wa korosho ulipofika alituma simenti kwa lori lililokuwa linakuja tupu kufuata mzigo, na pamoja na simenti alituma disketi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amempata mtu Kariakoo anayechapa Kiarabu, akamwandikia jina la babu kwenye karatasi, na yule mtu akalichapa vizuri, ghaini na nukta zake tatu. Baba mdogo alisema aliliona kwa macho yake kwenye kioo cha kompyuta. Kazi iliyobaki ilikuwa kulitoa kwa herufi kubwa Nachingwea, kwa sababu fundi tuliyempata huko hakujua kusoma maandishi yale.

"Mimi nileteeni karatasi," fundi alisema. "Nitaikata, nitaibandika juu ya simenti mbichi, nitapitisha msumari. Iwe Kiarabu, iwe Kichina, mimi nafuata mstari."

Nikaenda Nachingwea kwa baiskeli. Duka la kuchapa lilikuwa karibu na stendi, chumba kimoja chenye mashine ya kopi na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Dada aliyekuwa anachapa alinikaribisha, nami nikampa disketi bila kueleza sana, maana pale palikuwa na watu wanasubiri na mimi mbele za watu sauti inanipotea. Aliifungua. Kioo kikaonyesha mstari mmoja.

Mwanamume mmoja aliyeleta vyeti vyake kutoa kopi alichungulia begani kwangu.

"Dogo, hiyo hirizi au nini?"

Nikaendelea kutazama kioo.

"Waganga nao wamehamia kwenye kompyuta. Sasa ukirogwa unakimbilia wapi, si unaomba umeme ukatike tu."

Watu wakacheka. Yule dada akasema, "Mwacheni mwenzenu. Kaka, linaandikwa hivi hivi?"

Halikuwa linaandikwa hivyo. Herufi za Kiarabu hushikana, moja inampa mwenzake mkono mpaka neno liishe. Pale kwenye kioo kila moja ilisimama peke yake. Tena zilikuwa zimegeuzwa, ya kwanza iko kushoto na ya mwisho iko kulia, ambako ndiko kunakoanziwa kusoma. Na katikati, mahali pa ghaini ya nukta tatu, palikuwa na kiboksi kitupu chenye pembe nne.

"Zinatakiwa zishikane," nikasema.

"Huku zimegombana," alisema dada. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Akabadilisha aina ya maandishi, herufi zikanenepa, zikakonda, kiboksi kikabaki. Mwishowe akaniambia anitolee hivyo hivyo niwaonyeshe nyumbani, pengine kuna mtu wa kuziunganisha kwa mkono. Nilikubali kwa sababu niliona afadhali nirudi na kitu.

Bibi alikuwa anaanua mihogo aliyoianika. Alipoiona karatasi aliketi kwenye mkeka, akaisogeza karibu na jicho lake zima, kwenye jua. Nilimwona anaanzia upande wa kulia kama anavyosoma siku zote. Midomo yake ikatikisika kidogo, ikasimama. Akairudia. Kisha akaiweka chini, uso wa karatasi ukiangalia mkeka.

"Nani kaandika hii?"

"Mashine, bibi."

"Mashine ina nkono?"

Nikaketi pembeni ya mkeka.

"Hivi ndivyo anavyoandikwa ntu anayefungwa," alisema. "Mwalimu alikuwa akikataa kazi hizi, watu wanakuja mpaka hapa barazani wanamwomba. Unalichukua jina la ntu, unalikata herufi moja moja, unaligeuza lianzie mwisho. Ukimaliza, mwenyewe hawezi kusimama. Hawezi kurudi, hawezi kwenda."

Nilimweleza kuhusu Kariakoo na disketi. Alinisikiliza. Akaigeuza tena ile karatasi na kuweka kidole kwenye kiboksi.

"Na hiki?"

"Hapo ndipo ng'. Mashine haikuijua."

"Hili ni kaburi," alisema. "Wamenchorea kaburi katikati ya jina, na ndani hakuna ntu." Aliinua uso akaanza kunitafuta kwa lile jicho. "Mume wangu, jina hili mnalo wawili. Mmoja ameshalala. Hili lililo wazi la nani?"

Sijui kwa nini sikuweza kucheka. Siku yoyote nyingine ningecheka.

Karatasi yenye jina haitupwi, kwa hiyo bibi aliagiza maji kwenye bakuli jeupe. Tuliitumbukiza ili wino utoke kama unavyotoka kwenye kibao na maji tukayamwage mpapaini. Wino haukutoka. Tuliisugua kwa kidole, karatasi ikaanza kufumuka, lakini zile herufi zikabaki nyeusi juu ya maji, kila moja mahali pake, pamoja na kile kiboksi. Bibi aliitoa majini. Kuichoma hatukuweza, maana kuchoma jina la mtu ni kazi ya watu wabaya. Kuizika alisema hapana, tutakuwa tumemzika nani. Mwishowe aliianika pamoja na mihogo, na ilipokauka akaichomeka kwenye makuti ya paa, juu ya mahali anapolala, ili aione.

Wiki ile nikaugua. Ilikuwa malaria, na zahanati walinipa dawa na nikapona, lakini homa ilipokuwa juu nilikuwa nahisi viungo vyangu vimelazwa kila kimoja peke yake. Mkono uko kule, mguu uko huku, na kati yao pana nafasi. Nilimsikia bibi upande wa pili wa ukuta anasoma. Hakuwa anamsomea babu. Nilijua kwa sababu alikuwa anasoma haraka haraka, kama mtu anayekimbiza kitu.

Nilipopata nguvu nilirudi Nachingwea. Safari hii dukani hapakuwa na watu, nikaweza kuongea. Nilimweleza dada jambo lote, na la bibi pia. Hakunicheka. Alivuta kiti akaniambia nikae.

"Ndani ya mashine hakuna herufi," alisema. "Kuna namba. Kila herufi imepewa namba yake, a ina yake, b ina yake, na hizi zenu za Kiarabu zina zake. Yule wa Dar alipochapa jina la babu yako, alichoweka kwenye disketi ni namba. Zimefika hapa zote, hakuna iliyopotea. Sasa kazi ya mashine yangu ni kuzivalisha sura. Hii namba ya katikati haina nguo yake. Ndiyo maana inaweka kiboksi. Kiboksi maana yake, hapa kuna kitu, lakini mimi sikioni."

"Kwa hiyo ng' ipo?"

"Ipo. Haionekani tu."

"Na hizi kutengana?"

"Mashine hii haijafundishwa kuzishikanisha, wala kwamba zinatoka kulia. Inazipanga kama Kiswahili cha shule."

Alishauri tutoe kiboksi na badala yake tuweke ghaini ya kawaida yenye nukta moja, ambayo sura yake ilikuwepo. Nilikwenda nyumbani na wazo hilo. Bibi alilikataa kabla sijamaliza.

"Huyo ntu mwingine," alisema. "Nitakuwa naenda kuomboleza mume wa mwanamke mwingine."

Mwaka jana, nilipopita pale dukani kama nilivyozoea siku hizi, yule dada alikuwa amepata kompyuta nyingine na alikuwa bado amelihifadhi lile jina. Alilifungua mbele yangu. Likatokea limeshikana kuanzia kulia hadi kushoto, na ghaini na nukta zake tatu katikati, kama babu alivyokuwa akiliandika mlangoni. Halikuguswa na mtu. Lilikuwa zima humo ndani miaka yote ile. Nilimshukuru nikatoka nje upesi.

Lakini wakati ule hatukuwa na mashine hiyo, na simenti ilikuwa inaharibika. Mifuko ilikuwa imeanza kushika unyevu pembeni, ukiibonyeza unahisi mabonge. Fundi alikuja kutoka Nachingwea na baiskeli yake na fremu ya mbao, akapasua mfuko, akasema nusu ni ya kutupa.

"Leo au basi," alisema. "Karatasi iko wapi?"

Nikamwambia karatasi haifai.

"Sasa mimi nifuate nini?"

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, na mlango nyuma yake ulikuwa umeliwa mpaka kwenye bawaba. Alisema, "Ataandika huyu."

"Huyu?" fundi aliniangalia. "Dogo, unajua?"

"Najua polepole."

"Simenti haijui polepole."

Tulikwenda makaburini mimi na fundi, na wazee wawili wa msikiti waliokuja kuonyesha mahali na kusoma dua. Fundi alimwaga zege kwenye fremu, akalisawazisha kwa mwiko mpaka likang'aa, akanipa msumari wa inchi sita na kusogea pembeni. Nikapiga magoti. Sikuwa nimeliandika jina lile kwa herufi zile tangu babu alipokuwa ananishika mkono. Niliogopa kuanza, kwa sababu kosa la kwenye kibao unaliosha na kosa la pale linakaa.

"Mjukuu, unasali au unaandika?" fundi aliuliza. "Likikauka hilo utaandikia meno."

Nilianzia upande wa kulia. Herufi ya kwanza ilizama vizuri. Nilipokuwa naunganisha ya pili nilisikia mkono wangu umekuwa mzito na umetulia, na sikuufurahia utulivu ule. Wazee walikuwa wanasoma nyuma yangu na kila walipotaja marehemu walitaja jina langu. Nililisikia masikioni nikiwa nalichimba kwa msumari, juu ya kaburi, kwa mkono wangu mwenyewe. Ilinibidi nisimame kidogo nivute pumzi.

"Ee, anakwenda wapi huyu," alisema fundi.

Nikarudi. Niliandika ghaini. Niliweka nukta ya kwanza, ya pili, na ya tatu juu ya hizo mbili. Baada ya hapo simenti ikaanza kugoma. Herufi za mwisho nilizikwaruza kwa nguvu na bado zilitoka za kina kidogo, kama mtu aliyeanza kusema kwa sauti akamalizia kwa kunong'ona. Fundi alitazama, akatikisa kichwa, akasema angalau zimeshikana. Nilipouliza kama tunaweza kumwaga upya alinionyesha mfuko. Yalikuwa mabonge matupu.

Asubuhi nilimpeleka bibi. Nilimshika mkono njiani, maana majani yalikuwa marefu na alikuwa haoni mashimo. Hakuniuliza kama nimeandika vizuri. Tulipofika nilimketisha ubavuni mwa kaburi. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia kugusa simenti, akageuza shingo huku, akageuza huku, kisha akaacha kutumia jicho. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

Kidole kilikwenda polepole kuliko nilivyoandika. Kilifika katikati, kikapanda juu, kikagusa nukta moja, nyingine, na nyingine. Kikashuka, kikafuata mkia, na mahali herufi zilipokuwa hazionekani vizuri kikazipata hata hivyo, mpaka mwisho.

Kisha akalitamka. Alilitamka lote, na ile sauti ya puani imekaa mahali pake, kwa sauti ya kuita, sauti nyepesi ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Maisha yangu yote hakuwahi kuniita hivyo.

"Naam, bibi," nikaitika.

Hakugeuka.

"Sikukuita wewe," alisema.

Alibaki ameinama, kiganja kimetulia juu ya simenti, kichwa amekielekeza upande mmoja, kama mtu aliyebisha hodi na kusikia nyayo zinakuja kwa ndani. Nilitaka kumwambia jua linapanda turudi. Nilisimama nyuma yake nimeshika fimbo yake, nami nikawa nasikiliza.